Málaga si ya nusu siku: masahihisho kwa makala yenu ya safari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala ya safari mliyoichapa kuhusu miji ya pwani ya Hispania. Mwandishi wenu aliipa Málaga nusu siku, na hiyo nusu siku yenyewe akaigawa kati ya ufukwe wa La Malagueta na maduka ya Calle Larios. Historia ya mji ilipata aya moja, na ndani ya aya hiyo mna mambo matatu yasiyo kweli: kwamba ukishaingia ngome ya Alcazaba unaendelea kupanda kwa ndani mpaka ngome ya juu ya Gibralfaro, kwamba mnara wa pili wa kanisa kuu ulibomolewa vitani, na kwamba soko la Atarazanas lilikuwa msikiti. La kwanza litawachosha watu miguu bure. Mengine mawili yatawafanya wasimame mbele ya jengo wakitafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Nina lalamiko jingine, nalo ni kubwa kuliko hayo: mji umetazamwa kama orodha ya vituo vya kupigia picha. Málaga kila aliyekuja alijengea mawe ya aliyemtangulia, na kazi za wote hao zimebanana katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu. Ukipita ovyo ovyo utaona magofu, kisha kanisa, kisha soko, basi. Ukijua nani alichukua jiwe la nani, kila kona inakushika mkono. Tena msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mjerumani au Mwingereza hana: majina mengi ya huku atayatambua kwa sikio, kwa kuwa Kihispania na Kiswahili vilikopa kwa mkopeshaji mmoja, Kiarabu.

Kabla ya majengo, ijue ardhi. Paseo del Parque, ile bustani ndefu yenye mitende kati ya mji na bandari, imelala juu ya kifusi kilichojazwa baharini mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo maji yalikuwa karibu kabisa na kuta. Ndiyo sababu ngome iko hapo ilipo, na ndiyo sababu utakuta lango la karakana ya meli katikati ya mji, mbali na maji, kana kwamba mtu alilisahau. Wafoinike walioanzisha Malaka, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, hawakukifuata kilima hiki kwa ajili ya mandhari. Walitaka pa kutia nanga na samaki wa kutia chumvi. Kipande cha ukuta wao kipo chini ya Museo Picasso, katika orofa iliyo chini ya ardhi. Wageni wengi hutoka kwenye picha za juu moja kwa moja hadi mlangoni bila kujua kwamba kuna ngazi za kushuka.

Anzia Calle Alcazabilla, mtaa wa waenda kwa miguu ulio chini ya kilima. Hapo pana paa la kioo lenye umbo la piramidi, limewekwa sakafuni, na watoto hupenda kulizunguka. Inama uchungulie. Yale mashimo ya mraba chini ni mabirika ya Warumi ya kutengenezea garum, mchuzi wa samaki waliotiwa chumvi wakaachwa wachachuke kwa wiki kadhaa. Bidhaa hiyo iliondoka hapa kwa meli, na harufu yake ilibaki. Mabirika hayo yamekaa mahali pa ajabu, karibu kabisa na ukumbi wa maigizo, na maelezo yake ni rahisi: ukumbi uliojengwa wakati wa Kaisari Augusto uliacha kutumika karne ya 3, wenye viwanda vya samaki wakauingilia, na baada yao wakaja wazikaji.

Ukumbi wenyewe, Teatro Romano, ulipotea kabisa machoni pa watu. Ulionekana tena 1951, mafundi walipokuwa wakitengeneza bustani ya jengo la serikali lililoitwa Casa de la Cultura. Ikawa aibu ya miaka mingi: nusu ya ukumbi wa Kirumi ipo nje, nusu imekaliwa na jengo la utamaduni. Jengo hilo lilibomolewa 1995, na ukumbi ukafunguliwa kwa wageni 2011. Kuingia ni bure. Jumatatu hufungwa, lakini hilo lisikukere, maana kutoka mtaani unaonekana wote, hata usiku ukiwashiwa taa. Ukiwa hapo angalia juu, ukuta wa ngome ulivyoegemea mgongo wa viti vya Warumi. Usiondoke bila kuitia picha hiyo akilini, maana utaihitaji ukipanda.

Neno moja kuhusu Warumi kabla sijawaacha. Watu hufika wakiuliza ziko wapi mbao za shaba za Lex Flavia Malacitana, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mji huu karne ya 1. Zilifukuliwa eneo la El Ejido 1851, zikanusurika kuyeyushwa na wafua shaba kwa sababu tajiri Jorge Loring alizinunua, na leo ziko Madrid, katika jumba la taifa la mambo ya kale. Huku usizitafute.

Sasa lile la Gibralfaro. Ngome mbili, ya chini na ya juu, zimeunganishwa na ukanda wa kuta mbili zinazopanda mlima, uitwao Coracha. Ukiutazama kutoka bandarini unaonekana kama ngazi ya kupandia, na nadhani ndipo mwandishi wenu alipoponzwa. Ukanda huo wageni hawapiti. Aliyemfuata atapanda Alcazaba yote mpaka juu, atakuta ukuta, atashuka yote, kisha ataanza upya kupanda kwa nje, tena kwa mteremko mkali, na kama ni saa 8 mchana mwezi wa Julai huenda asifike.

Njia yenye akili ni kugeuza safari. Panda basi namba 35 kutoka Paseo del Parque, likufikishe mlangoni pa Gibralfaro. Nunua hapo tiketi ya ngome zote mbili kwa pamoja, kwani ni nafuu kuliko kununua mbili mbalimbali. Zunguka juu ya kuta, kisha shuka kwa miguu kwa njia ya Paseo de Don Juan Temboury, inayopita ubavuni mwa Coracha na kukupa bandari yote na uwanja wa mapigano ya mafahali chini ya miguu yako. Tahadhari ni viatu: mawe ya njia hiyo yamelainishwa na nyayo za watu, na kinachoangusha wageni ni kushuka, si kupanda. Kandambili ziache hotelini. Ukifika chini, ingia Alcazaba ukiwa bado na pumzi. Asiyeweza ngazi anayo lifti ya mtaa wa Guillén Sotelo, nyuma ya jumba la manispaa, inayomfikisha ndani ya ngome, ingawa huko ndani bado kuna sakafu za kokoto zinazosumbua magurudumu.

Jumapili kuanzia saa 8 mchana kuingia ngome zote mbili ni bure. Kila mtu analijua hilo, kwa hiyo bei unailipa kwa foleni. Anayetaka utulivu afike mlango unapofunguliwa, saa 3 asubuhi. Kiangazi hufungwa saa 2 usiku, majira ya baridi saa 12 jioni, na mlango wa kuingia hufungwa mapema kidogo kuliko hapo.

Gibralfaro ni jabal ya Kiarabu, jabali letu lile lile, lililoungana na neno la Kigiriki la mnara wa taa. Jabali la mnara. Yusuf I, sultani wa Granada, aliijenga ngome hiyo karne ya 14 kwa sababu ya kivita: kilima kina urefu wa mita kama 130, na adui akikishika anaitazama Alcazaba kama sahani mezani. Ndani hamna kasri la kifahari. Kuna kuta, minara, kisima cha mita 40 kilichochimbwa kwenye mwamba mtupu, na ghala la zamani la baruti ambalo sasa lina maonyesho madogo. Kisima ndicho cha kusimamia. Ngome haianguki kwa kupigwa tu. Huanguka kwa kiu na njaa, na hapa ilikuwa njaa. Kuanzia Mei hadi Agosti 1487 Isabel na Fernando, watawala Wakristo wa Hispania, waliuzingira mji kwa bahari na nchi kavu. Waliokuwa juu chini ya kamanda Hamet el Zegrí walikataa kusalimu amri, chini chakula kikaisha. Mji ulipokubali kushindwa, wengi wa wakazi wake walitiwa utumwani. Feria ya Agosti, ile ya ngoma na mvinyo mitaani ambayo makala yenu iliisifu, chanzo chake ni kumbukumbu ya kuingia kwa wafalme hao.

Alcazaba ni al-qasaba, makao ya mtawala yenye kuta. Msingi wake mkubwa ni wa karne ya 11, enzi ya falme ndogo ndogo za Waislamu zilizochipuka baada ya ukhalifa wa Córdoba kuvunjika. Watawala wa Granada wakaiongezea baadaye. Malangoni usipite mbio. Puerta de la Bóveda limepinda: unaingia, unakutana na ukuta usoni, unageuka. Kona hiyo ni silaha. Wanaokuja na gogo la kuvunjia milango hukosa nafasi ya kulizungusha, farasi hukosa mbio, na walio juu ya ukuta huwapata wakati ule ule mwendo unapokufa. Mbele kidogo kuna Puerta de las Columnas, na hapo ndipo dakika 10 zako zinalipa. Tazama nguzo zinazobeba lango. Ni marumaru za Kirumi, zenye vichwa vilivyochongwa kwa ajili ya jengo jingine, na juu yake limekaa tao la matofali lenye umbo la kiatu cha farasi. Zimetoka kule kwenye ukumbi wa maigizo uliouacha chini. Wajenzi hawakuwa na haja ya machimbo, jirani alikuwa na mawe tayari. Mtu akigusa nguzo moja pale anagusa miaka 1,000 ya Warumi na Waislamu kwa kiganja kimoja.

Juu zaidi, kupita Arco del Cristo na uwanja wa bustani unaoitwa Plaza de Armas, utafika kwenye Cuartos de Granada, makazi ya watawala. Hapa inafaa kuwa mkweli. Matao ya karne ya 11 yapo, na ni mazuri, lakini ua wa michungwa na ua wa birika kwa sehemu kubwa vimejengwa upya na mafundi wa karne ya 20. Kazi ya kuiokoa ngome ilianza 1933. Kabla ya hapo watu maskini walikuwa wamejenga nyumba humo ndani, kuta za masultani zikawa kuta za jikoni. Anayekuja akitarajia kasri kama Alhambra ya Granada atatoka amenuna. Ajaye kutazama jinsi ngome inavyofanya kazi, na jinsi maji yanavyopitishwa kwa mifereji membamba ya sakafuni hadi kwenye kidimbwi, atachelewa kutoka. Kidimbwi hicho wanakiita alberca. Kwa Kiarabu ni al-birka. Wewe unalijua neno hilo kwa jina la birika.

Chini ya ngome, upande wa bustani, kuna Palacio de la Aduana. Aduana ni forodha, na Kihispania kililitoa neno hilo kwenye diwan ya Kiarabu, ndugu wa diwani. Tangu Desemba 2016 jumba hilo ni Museo de Málaga. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure, wengine hulipa euro 1.50, na Jumatatu hufungwa. Kwa bei hiyo sioni kisingizio. Orofa moja ni ya vitu vya kale, nyingine ya picha. Chini utamkuta mwanamke wa marumaru wa Kirumi asiye na kichwa, aliyefukuliwa misingi ya jumba hilo hilo ilipochimbwa.

Kanisa kuu sasa. Wenyeji huliita La Manquita, mwanamke mwenye mkono mmoja, kwa kuwa mnara wa kaskazini una mita 84 na wa kusini umekatikia njiani. Hakuna vita vilivyouangusha. Haukuwahi kumalizika. Ujenzi ulianza 1528 mahali palipokuwa na msikiti mkuu, ukaenda na kusimama, ukasimama na kwenda, mpaka 1782 fedha zilipogeuzwa kwenda kwingine. Kwenda wapi, hapo ndipo ubishi ulipo. Kibao kilicho kwenye mnara uliokatika kinasema zilisaidia makoloni ya Uingereza huko Amerika kupata uhuru, na hadithi hiyo ina mvuto wake, kwani Bernardo de Gálvez, jemadari wa Hispania aliyewashinda Waingereza Pensacola, Florida, 1781, alizaliwa Macharaviaya, kijiji cha mkoa huu. Ila hesabu za wakati ule zinataja barabara za kutoka Málaga kwenda bara. Binafsi naamini barabara. Hata hivyo wageni kutoka Marekani hupenda kupiga picha na kibao, na hakuna anayewakataza.

Mnara uliokatika ndio unaotazamwa na wote, na tatizo kubwa la kanisa hilo halionekani kutoka chini. Fedha zilipokatika, kilichokosekana si mnara tu, ni paa. Juu ya kuba za mawe palitakiwa paa la mgongo la kumwaga maji, na halikujengwa. Kuba zikaachwa wazi, zimefunikwa kwa matofali tu. Kwa zaidi ya miaka 200 mvua imekuwa ikituama mabondeni mwa kuba, inapenya kwenye viungo vya matofali, na kushuka ndani ikiacha madoa na kulegeza chokaa. Zilijaribiwa tiba za kupaka na kuziba, maji yakarudi. Kazi ya kuliezeka hatimaye ilianza 2024, kwa kufuata wazo la paa lililochorwa karne ya 18. Kwa hiyo ile ziara ya kupanda ngazi 200 na kutembea juu ya kuba, ambayo makala yenu iliipendekeza kana kwamba ipo kila siku, uliza kwanza dirishani kabla ya kulipa.

Ndani, nenda kwenye viti vya kwaya. Sanamu za mbao kama 40 za watakatifu ni kazi ya Pedro de Mena, karne ya 17. Simama karibu: mishipa ya mikono, mikunjo ya kanzu, nyuso za watu waliokesha. Kisha inua macho kwenye vinanda viwili vinavyotazamana, kila kimoja kina mabomba zaidi ya 4,000. Nguzo za kanisa utaona zimepandana, moja juu ya nyingine, kwani nguzo moja ya mtindo wa Kirumi isingefikia kimo walichokitaka bila kuonekana kama mlonjo. Jumapili asubuhi ni ibada. Mtalii asubiri mchana. Ua wa pembeni wenye michungwa ulikuwa ua wa msikiti, nao ndio mabaki yake. Anayetaka msikiti katika mji huu, basi auwaze hapo, si sokoni.

Sokoni kulikuwa karakana. Atarazanas ni dar as-sina'a, nyumba ya ufundi. Ukilitamka kwa Kiswahili utapata sanaa ndani yake. Hapo meli za watawala wa Granada ziliundwa na kukarabatiwa karne ya 14, na bahari ilifika malangoni. Matao yalikuwa 7. Karne ya 19 jengo lilivunjwa na tao moja tu la marumaru likabaki, na mwaka 1876 Joaquín Rucoba, msanifu yule yule wa uwanja wa mafahali wa La Malagueta, alianza kulijengea soko la chuma nyuma yake. Lilikamilika 1879. Simama barabarani kabla ya kuingia, tazama pembe mbili za juu ya tao. Kuna ngao mbili ndogo zenye maandishi ya Kiarabu, kaulimbiu ya ukoo wa Nasri, wale watawala wa Granada: hapana mshindi ila Mungu. Maneno hayo yaliandikwa na watu ambao walishindwa, na leo chini yake wanapita wanawake na mikokoteni ya kitunguu. Fika asubuhi, baada ya saa 8 mchana meza zinaoshwa, na Jumapili soko halifunguliwi. Upande wa samaki ndio wa kuuona, kisha kioo kikubwa cha rangi cha ukutani chenye picha za mji.

Kuhusu Picasso nitakuwa mfupi, kwa kuwa wino umeshamwagika wa kutosha. Alizaliwa 25 Oktoba 1881 katika nyumba ya Plaza de la Merced, akabatizwa kanisa la Santiago lililo hatua chache kutoka hapo, na familia ikahama 1891. Nyumba ni ya kuona vitu vya familia. Michoro mikubwa iko Museo Picasso, iliyofunguliwa 2003. Saa mbili za mwisho za Jumapili ni bure. Wageni hukimbilia sanamu yake iliyoketi kwenye benchi la uwanja ule, wakaipa mgongo nguzo ndefu iliyo katikati. Nguzo hiyo ni kaburi. Chini yake wamezikwa Jenerali Torrijos na wenzake, waliotua pwani wakitaka kumpinga mfalme Fernando VII aliyeitupa katiba, wakanaswa, na kupigwa risasi bila kushtakiwa kwenye ufukwe wa San Andrés, 11 Desemba 1831. Walikuwa 49.

Mmoja wao hayupo pale. Robert Boyd hakuwa Mkatoliki, na kwa sheria ya wakati huo hakuwa na haki ya kuzikwa makaburini. Miaka michache kabla angefanyiwa walivyofanyiwa Waprotestanti wote waliofia Málaga: angepelekwa ufukweni usiku na kufukiwa wima mchangani, mawimbi au mbwa wakamfukua. Balozi mdogo wa Uingereza, William Mark, aliisumbua serikali mpaka akapewa kiwanja, na Boyd akawa miongoni mwa wa kwanza kulazwa humo. Ni Cementerio Inglés, makaburi ya Waingereza, Avenida de Príes, mbele kidogo ya uwanja wa mafahali. Huendeshwa na wakfu, hufunguliwa kwa saa chache, hasa asubuhi, na kuna kiingilio kidogo. Panda mpaka boma la ndani kabisa, lililo la kale kuliko yote: makaburi yamefunikwa kwa makombe ya bahari, safu kwa safu, yamebandikwa kwa chokaa. Mengi ni mafupi. Ni ya watoto.

Katika makaburi hayo hayo wamo mabaharia wa Gneisenau, meli ya mafunzo ya jeshi la Ujerumani iliyopigwa na dhoruba 16 Desemba 1900 na kuvunjikia kwenye ukuta wa bandari. Watu wa mji waliwaingilia kwa mashua na kamba, na kwa tendo hilo Málaga ikaongezewa jina la heshima, Muy Hospitalaria, yaani yenye ukarimu mkubwa. Mwaka 1907 mto wa mji ulifurika na kusomba madaraja, na Ujerumani ikakumbuka. Zawadi yake, daraja jembamba la chuma la watembea kwa miguu, lilizinduliwa 1909 na bado linavukwa kila siku. Wanaliita Puente de los Alemanes, daraja la Wajerumani.

Kabla sijamaliza, hali ya hewa na sikukuu. Julai na Agosti hupiga terral, upepo mkavu wa kutoka bara unaopandisha joto hadi kupita nyuzi 40. Siku hiyo bahari ni baridi ajabu na ngome haipandiki baada ya saa 5 asubuhi. Ukiona wenyeji wamefunga madirisha mchana, funga lako pia. Wiki ya Pasaka katikati ya mji hufungwa kwa maandamano, na majukwaa ya sanamu yanayobebwa mabegani na watu zaidi ya 200 hayapishani na mtu mwenye sanduku la magurudumu. Chukua hoteli ng'ambo ya mto, na jihadhari na nta ya mishumaa inayoganda barabarani ikateleza kama sabuni. Ile milango mirefu kupita kiasi unayoiona mitaani mwaka mzima, ambayo haifanani na nyumba wala ghala, ndimo majukwaa hayo yanamolala.

Na huo mto, Guadalmedina, ni wadi al-madina, mto wa mji. Wageni husimama darajani wakauliza uko wapi, maana bwawa la El Limonero lililo juu ya mji hushika maji, na wanachokiona ni mfereji mpana wa zege wenye vumbi na watoto wanaocheza mpira. Uko hapo hapo chini yao. Bamba la shukrani la Wajerumani limebandikwa kwenye daraja, na mwaka wake umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi.

Wako,
Mwongoza wageni, Málaga